Namba ya Mguu wa Leodgar

Benchi la Kasimiri muuza kahawa lilikuwa pale njia ya mgodini inapokutana na ya stesheni, mjini Mpanda, na mwaka ule wa hamsini na sita hakuna jambo lililopita hapo bila kuhukumiwa. Klementina alifika saa nne asubuhi akihema, mwanawe Specioza mgongoni, kadi ya zahanati mkononi. Siku tatu nyuma toroli la mawe lilikuwa limempanda mumewe Leodgar mguuni, na dresa, mfunga vidonda wa zahanati, akaandika namba tu kwenye kadi: 826. Klementina alikuwa ameisoma orodha ukutani mwa zahanati kwa macho yake: 825, mifupa ya katikati ya mguu; 826, mifupa ya vidole. Wa 825 hupewa cheti cha treni, aende hospitali Tabora. Wa 826 hufungwa bendeji akalala kwake siku kumi. Na mguu wa Leodgar ulikuwa umevimba katikati, na treni inaondoka saa nane.

— Mzee Karani, nisindikize zahanati, wewe unaandika majina getini mwa mgodi, watakusikiliza, amekosea namba moja tu, ni tano siyo sita, mimi wananiambia nirudi nikanyonyeshe!

Karani akaigeuza kadi, akaigeuza tena.

— Mama Specioza, namba ikishaandikwa kwa wino ni serikali hiyo. Ukiibishia umemwita dresa mwongo.

— Sijasema mwongo. Amekosea!

— Nyie mliosoma kwa masista mna haraka, akadakia Dinamiti, mlipua baruti wa zamani aliyebakiwa na sikio moja. Mia nane ni mgodi. Ishirini na sita ni tarehe. Tarehe ishirini na sita Leodgar yuko shimoni anachimba.

— Tarehe! akasema Karani. Wewe hata mwezi huujui. Hiyo ni namba ya kitanda Tabora. Ameshatandikiwa!

— Hospitali gani ina vitanda mia nane, Karani?

— Basi ni ya mguu wenyewe. Wazungu wanahesabu miguu iliyovunjika tangu vita ya Hitla. Huu ni wa mia nane ishirini na sita.

— Na ikifika elfu?

— Wanafunga mgodi.

Wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Klementina alikuwa anatazama jua.

— Mwacheni mama wa watu, akasema Kasimiri. Shemeji, kunywa kidogo.

— Sinywi. Mzee Karani, twende, nakuomba, twende sasa hivi.

— Ngoja, akasema Dinamiti, sauti imeshuka. Mimi niliambiwa hivi: tano ni mguu wa kuunga. Sita ni wa kukata.

Klementina akashika ukingo wa benchi.

Mchuuzi mmoja wa dagaa kutoka Karema, Oswaldi, aliyekuwa ndiyo kwanza anatua mzigo wake, akapokea kikombe.

— Samahani, mimi mgeni. Huyo bwana, vidole vyake vikiguswa, anasikia?

Karani akaitazama kadi, kana kwamba na hilo limeandikwa humo. Dinamiti akaweka kikombe chini.

— Mama Specioza, wewe ndiye wa nyumbani. Anasikia?

Klementina akafungua mdomo. Alfajiri ile alikuwa amevifuta vile vidole vilivyotokeza nje ya bendeji, kwa maji ya moto, kimoja kimoja, akivibonyeza, akipenyeza kitambaa mpaka katikati yake. Na Leodgar, macho darini, akamwuliza kwa upole ataanza saa ngapi kumfuta.