Fundi Valeriani na Ngoma Iliyopata Baridi

Mkuu wa Studio ya Lumemo, Levina Ngayomela, alithibitisha Jumatatu wiki hii kwamba fundi wa sauti Valeriani Matimbwi atastaafu tarehe 30 Juni 1998, baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi hapa Ifakara.

Valeriani alikuja studio akiwa fundi redio. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufunga vipaza sauti kwenye mikutano, ya pili kurekodi kwaya kwa maikrofoni mbili. Mwaka 1992 kilipoletwa kinanda kinachonasa sauti na kuzirudia, wengi wetu tulikiogopa. Yeye alikifungua, akakipanguza vumbi, kisha akauliza kama kinaweza kupiga ngoma ya Kipogoro. Hakikuweza. Ngoma zake za kiwandani zililia kama kabati linalofungwa. Tangu hapo akaanza kunasa ngoma za wapigaji wetu na kuzisawazisha ndani ya nyimbo, akipunguza besi hapa na kuongeza sauti za juu pale.

Ana tabia zake. Akirekodi huzima feni, na wageni kadhaa wametoka studio wameloa jasho kuliko wavuvi. Kila kanda huijaribu kwanza kwenye redio ndogo ya dukani kwa Abdulkarim, Kibaoni, kwa sababu huko ndiko watu watakakoisikilizia. Abdulkarim hudai kwamba sasa anazijua nyimbo za Kwaresima kuliko wanakwaya wenyewe.

Kazi inayotajwa zaidi ni kanda ya Pasaka ya mwaka huu. Mpiga ngoma Mzee Dionisi Mkopi alivuka mto pale Kivukoni wakati wa mafuriko, ngoma yake ikiwa imefungwa kwenye nailoni, ili inaswe kwa ajili ya kwaya ya Kibaoni. Mvua ilikuwa haijakatika kwa wiki nyingi na ngozi ilikuwa imelegea. Valeriani alinasa hivyo hivyo, akiamini kwamba mitambo ingemalizia. Sauti ikatoka nzito, ikafunika maneno. Theodosia, mwalimu wa kwaya, akasema kwamba kama haitakuwa safi kufikia Ijumaa watatumia ngoma za kiwandani, na Mzee Dionisi arudi zake na ngoma yake.

Valeriani alikata besi, akapandisha sauti za juu, akapandisha tena. Kwenye spika za studio ilipendeza. Dukani ikalia kama ndoo ya plastiki, na Abdulkarim akauliza kama kwaya imeishiwa ngoma. Valeriani alianza kueleza habari za vitufe. Mzee Dionisi, aliyekuwa amesimama pale, alimsubiri amalize.

“Mdogo wangu,” alisema, “ngoma hii ina baridi. Wewe umeipaka mafuta tu, hujaipasha moto.”

Valeriani hakupenda kusikia hilo, na alibishana naye mpaka walipofika studio. Hata hivyo aliwasha mkaa barazani, ngoma ikapashwa mpaka ngozi ikakaza, kisha akafuta alichonasa mwanzo na kuanza upya. Pigo moja likinaswa vibaya, kinanda hulirudia vibaya wimbo mzima. Safari hii hapakuwa na mengi ya kurekebisha: alipunguza kidogo sauti za kati zilizokuwa zikiwafunika waimbaji wa alto, akaacha mengine kama yalivyo. Theodosia alisikiliza mara mbili. Ombi lake pekee lilikuwa ngoma iongezwe sauti.

Tangu siku hiyo Valeriani hashiki kitufe kabla ya kuigonga ngozi kwa kidole, na ndivyo alivyomfundisha Merina, fundi atakayeshika nafasi yake.

Wafanyakazi wenzake tunamshukuru kwa kazi na kwa ubishi wake. Tunamwombea afya, mpunga mzuri huko shambani, na nafasi ya kusikiliza wimbo bila kuurekebisha.

Makabidhiano yatafanyika Jumanne tarehe 30 Juni, saa nne asubuhi. Jumatano tarehe 1 Julai, Merina atanasa ngoma ya pili ya Mzee Dionisi, kwa ombi la Theodosia.