Kibakuli Kilichojaa Pomoni

Katika gari dogo la abiria la kwenda mji wa Margilan, Muyassar alijifanya anatazama nje, masikio yote yakiwa kiti cha nyuma. Hapo Hosiyat, aliyetoka kumposea mwanawe, alikuwa akimlalamikia mama asiyemjua, aliyeketi kando yake. "Walimsifu mwanangu, wakasema binti yao bado mdogo. Kisha wakanijazia kibakuli cha chai pomoni!"

"Mh! Mgeni anayependwa humiminiwa kidogo kidogo, aongezewe."

"Na wa kujaziwa anafukuzwa, najua! Kuna mtu kanisengenya kwao, dada. Nitamjua tu."

"Kwani uliwaambia nini?"

"Niliuliza tu kama binti huamka alfajiri afagie ua, akande unga, anikande na miguu. Basi!"

Yule mama akakohoa. "Labda aliyemimina haoni vizuri, dada yangu." Muyassar akauma midomo asicheke, kwani yule mama naye alikuwa ameshaanza kujaza kibakuli.

Gari likasimama. Hosiyat akashika mlango, akageuka na kumkazia macho mwenzake. "Hebu niambie, wewe una binti?"

"Ninaye," yule mama akajibu upesi. "Lakini bado mdogo."