Haikuwa Malaria

Asifiwe Bwana, ndugu zangu, yeye anayeweza kumfungua ulimi hata mwanamke aliyesoma mpaka chuo kikuu!

Nianze na lile nililolikana kwa muda mrefu. Mume wangu, Safari, hakufa kwa malaria. Alikufa kwa Ukimwi. Nimelisema, na naona paa la kanisa bado liko juu yetu.

Nilisema malaria mazishini kule Rabai. Nikasema malaria kazini. Nikasema malaria hata kwa watu ambao hawakuuliza. Mtu akinipa pole tu, mimi namwongezea maelezo: ilikuwa kali, ilipanda kichwani, dawa ilichelewa. Nina shahada ya fasihi, ndugu zangu, na kazi kubwa kuliko zote niliyoifanya nayo ni kuupamba uongo mmoja kwa Kiswahili fasaha.

Safari alikuwa mwalimu wa umeme katika chuo kidogo cha ufundi cha kanisa, pale Ganjoni. Mimi nilifundisha Kiingereza katika chuo hicho hicho, yaani niliwafundisha wanafunzi wake kuandika barua za kuomba kazi. Jumamosi alikwenda kutengeneza umeme katika nyumba za Mji wa Kale, nami nilikwenda naye kushika ngazi. Wenzangu niliosoma nao walidhani ninatania. Lakini hizo ndizo siku nilizozipenda kuliko zote. Nyumba zile za mawe zina baridi yake, hata mchana wa jua kali. Unaingia kutoka kichochoroni, macho yanachukua muda kuzoea giza, na unasikia mtu anatwanga kitu ghorofani, taratibu, kama moyo wa nyumba. Safari alikuwa juu ya ngazi, kichwa kimepotea kati ya boriti, testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, ameibana kwa meno kama mafundi wengi wanavyofanya mikono ikiwa na kazi. Alizungumza nami hivyo hivyo, testa mdomoni, nami nilimwelewa kila neno. Nilijifunza waya upi hupeleka na upi hurudisha. Nilijifunza kwamba ukuta wa matumbawe ukiutoboa ovyo unamwagika kama unga. Yote haya niliyajua, na sikudhani kwamba ni elimu.

Halafu akaugua. Aliupataje ugonjwa? Nilimuuliza, akanijibu, tukalia, nikamsamehe. Hilo limebaki kati yetu na Mungu. Akakonda. Akafa.

Ndugu zangu, mnaikumbuka miaka ile. Mji ulikuwa kama unaota. Watu walikuwa wanaondoka na sisi wengine tunaendelea kutembea, polepole, kama tuko chini ya maji, na hakuna anayelitaja jina la kinachowaondoa. Tulisema homa. Tulisema kifua. Tulisema amelogwa. Bandari ilizika mafundi wake, ikachukua wa hoteli. Hoteli zikachukua walimu wetu wa chuo. Na chuo hakikuwa na pa kuchukua. Darasani nako watu walibadilika. Tulizoea wavulana waliotoka shule, wenye miaka mitatu ya kukaa na kusoma. Sasa walikuja wajane, na wasichana wanaolea wadogo zao, wanauliza mlangoni, "Mwalimu, hakuna ya muda mfupi?" Walitaka kazi walizoziacha waume zao na kaka zao. Walitaka kula.

Safari alipokufa, mimi nilipewa darasa lake. Si kwa sababu nilifaa. Mkuu wa chuo, Bwana Mwakio, mtu wa Taita mpole asiyependa makelele, alitafuta mwalimu wa umeme pwani nzima akamkosa. Akaniambia, "Mwalimu Kadzo, wewe angalau umeshika ngazi."

Nikaingia karakana. Vifaa vya Safari vilikuwa vimetundikwa ukutani, kila kimoja mahali pake: plaisi, bisibisi, nyundo, testa. Chuo hakikuwa na vingine. Nikasema, haya, kila mtu achukue chombo.

Hakuna aliyesogea.

"Mwalimu, mimi nina kidonda kidoleni."

"Mimi leo nitaangalia tu, mwalimu."

Siku ya pili vidonda viliongezeka. Ya tatu, darasa zima lilikuwa linaangalia tu. Mimi nilijua kwa nini. Walimwona Safari akibana testa kwa meno. Waliamini mate yake yamebaki pale, na ugonjwa umelala kwenye chuma ukiwangoja. Mnaona mtego niliojitegea? Ningeweza kuwaambia kwamba Ukimwi hauambukizwi kwa plaisi wala kwa bisibisi. Muuguzi alinieleza hayo mwenyewe, kitandani kwa Safari. Lakini ningewaambiaje, na mimi nimeapa kwamba ilikuwa malaria? Kwa hiyo nikasimama mbele ya watu wazima nikafundisha umeme kwa chaki. Nilichora swichi ubaoni. Nilichora vizuri. Hakuna taa iliyowaka.

Mwisho Bwana Mwakio aliniita. "Kamati inakaa mwisho wa muhula," alisema. "Wanataka kulifunga darasa la umeme, chumba kiwe cha taipu. Wale wanawake tuwahamishie ushonaji."

"Mombasa ina mafundi wa cherehani mpaka wanashoneana wenyewe," nikasema.

"Najua. Lakini ushonaji una vifaa vinavyoshikika."

Hakusema zaidi. Alikuwa mpole, nimewaambia. Nikatoka nimeelewa. Darasa alilolijenga Safari lingefungwa, na wale wanawake wangeikosa kazi waliyoifuata, kwa sababu mimi nilikuwa nalionea haya neno moja.

Mchana mmoja, saa zile ambazo maduka yamefungwa na hata paka wamelala, nilisinzia kwenye meza ya ofisi ya walimu. Nikaota kisiwa chote kimezimika. Ilikuwa mchana, lakini mchana usio na mwanga. Watu walipita vichochoroni, kila mmoja ameshika glopu mkononi kama yai, wanatafuta pa kuiweka. Hawakulalamika. Hawakugongana. Safari alikuwa miongoni mwao. Akaja mpaka karibu yangu, akanyoosha glopu yake, akauliza, "Kadzo, huyu ni nani?" akijionyesha mwenyewe. Nikajibu, "Malaria." Akarudi nyuma hatua moja. Akauliza tena. Nikajibu tena. Akarudi tena. Nilitaka kujibu jambo jingine, ndugu zangu! Nilitaka sana! Lakini kila nikifungua mdomo lilitoka neno lile lile, mpaka akawa mdogo mwisho wa kichochoro, na nikaamka mate yamelowesha mitihani ya Kiingereza.

Nikasema, Bwana, kama ni wewe, nipe miguu kabla akili haijarudi! Maana akili yangu ikirudi huwa inaleta sababu.

Nikaenda karakana kama mtu ambaye bado anaota. Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wanajipepea kwa madaftari. Nikaitoa testa ya Safari ukutani, nikaibana kwa meno, nikasema, "Mume wangu alikufa kwa Ukimwi."

Kwa kuwa nilikuwa na testa mdomoni, hakuna aliyeelewa. Mungu ana mzaha wake.

"Mwalimu anasemaje?" mmoja akauliza.

Nikaitoa, nikarudia. Nikasema kila kitu: jina la ugonjwa, jinsi unavyoambukiza, jinsi usivyoambukiza, na jinsi nilivyowadanganya. Nikairudisha testa mdomoni kwa sababu midomo ilikuwa inatetemeka na nilitaka kitu cha kuishikilia.

Alikuwepo msichana mmoja wa Kidigo, Riziki, aliyekuwa akilea wadogo zake baada ya wazazi wote wawili kuondoka. Akainuka, akachukua plaisi ukutani, akaifungua na kuifunga. "Sisi tulijua, mwalimu," akasema. "Tulikuwa tunakungoja wewe."

Ndugu zangu! Miezi yote ile nilidhani ninawaficha, kumbe ni wao walionisitiri! Nikakaa chini sakafuni nikalia, na wale wanawake wakashuka kutoka kwenye mabenchi wakakaa nami, na kilio kikawa si changu peke yangu. Mmoja akataja kaka yake. Mwingine mumewe. Tulitaja tu, jina na ugonjwa, jina na ugonjwa. Nilihisi kama mtu aliyekuwa amebeba gunia mpaka akasahau kwamba si mgongo wake. Siku ile nilifunguliwa. Mtaniuliza kama nami nilipimwa. Nilipimwa, na sikukutwa nao. Msinipigie makofi kwa hilo. Sikulifanya mimi, na walio nao si wabaya kuliko mimi.

Kesho yake taa ya kwanza iliwaka karakana.

Lakini kamati ilikuwa bado inakuja, na ilikuwa na swali moja la haki kabisa: hawa wanawake atawaajiri nani? Nilizunguka karakana za kisiwani nikiwaombea nafasi. Fundi mmoja alimtazama Riziki juu mpaka chini akacheka. "Huyu atapanda ngazi na buibui?"

"Suruali iko chini yake, babu," Riziki akamjibu. "Ukitaka kuiona, nipe kazi kwanza."

Kazi hakutoa.

Ndipo akaja mtoto wa kike wa jirani yake Riziki, na ujumbe kutoka nyumba moja ya Mji wa Kale. Bi Zuhura amefiwa na mumewe, yuko eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi kadhaa, haonani na wanaume wasio maharimu wake, yaani ndugu wa karibu asioweza kuolewa nao. Taa zake zilikuwa zimezimika, na swichi kuu iko ukumbi wa ndani, humo humo anamokaa. Wanawe wako Arabuni. Fundi wa mtaa ni mwanamume. Alikuwa akikaa na mshumaa, kwani heri giza kuliko kuivunja eda. Akasikia kwamba kuna wanawake wanaosomea umeme.

Tukaenda, Riziki na mimi. Nyumba ilinukia udi. Bi Zuhura alikuwa ameketi juu ya mkeka na nguo nyeupe, na weupe ule ndio ulikuwa mwanga pekee ukumbini.

"Ndooni, wanangu, ndooni. Fundi yuwapi?"

"Ndiye mimi," Riziki akasema. "Na huyu ni msaidizi wangu."

Bi Zuhura akanitazama. "Msaidizi mbona ni mtu mzima kuliko fundi?"

"Alichelewa kuanza shule, bibi."

Nikashika ngazi. Nilijua kazi hiyo. Riziki akapanda, kichwa kikapotea kati ya boriti, na kwa muda sikujua niko mwaka gani, wala ni nani aliye juu yangu. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula ncha za waya. Alipokuwa akizikata, Bi Zuhura aliniuliza kama nina mume.

"Nilikuwa naye. Alikufa kwa Ukimwi."

Akaupapasa ukingo wa mkeka. Huko juu plaisi ililia, ikakoma.

"Wangu walisema ni ini," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Na ukilisema hivyo, watu hawakukimbii?"

"Wengine hukimbia, bibi. Wengine husogea."

Taa ikawaka. Akajifunika macho kwa mikono yote miwili, na akakaa hivyo kwa muda mrefu, mabega yakitikisika, mimi nikiwa nimeketi karibu naye mkekani. Tulipoondoka aliomba namba ya simu ya chuo.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu ambaye hakunifufulia mume, akanifufulia ulimi. Nawashukuru wanawake wale walionisubiri bila kunihukumu. Na wewe uliyeketi hapo na malaria yako, na ini lako, na kifua chako, mtumaini Bwana ulitaje. Hutakufa kwa kulitaja. Mimi nilikaribia kufa kwa kutolitaja. Hamna haja ya testa. Mdomo mtupu unatosha.

Nimalize na siku ya kamati. Walikaa wazee wa kanisa, wanaume tupu, kuizunguka meza ya Bwana Mwakio. Nilikuwa nimepewa kiti karibu na mlango. Walikuwa waungwana. Walisema walinionea huruma, walimkumbuka Safari, lakini kazi za hao wanawake hazipo, na anayepinga ainue mkono. Niliinua wangu, lakini wangu haukuhesabiwa.

Simu ikalia. Bwana Mwakio akaipokea, akajitambulisha, akasikiliza kidogo, halafu akaifunika kwa kiganja.

"Ni mama mmoja wa Mji wa Kale," akatuambia, amechanganyikiwa. "Hataki kusema nami. Yuko eda, hazungumzi na wanaume asiowajua." Akairudisha sikioni. "Mama, basi nikupe mwalimu? Ni mwanamke."

Sauti ya Bi Zuhura ilitoka kwenye ile simu tukaisikia sote, wazee na mimi.

"Sikuomba mwalimu, baba! Hapa ukumbi umejaa majirani wanawake, na kila mmoja nyumbani kwake kuna giza. Mimi nataka fundi!"

Wazee wakatazamana. Bwana Mwakio alikaa na simu mkononi, akamtazama mwenyekiti, akaniangalia mimi. Kisha akaisukuma simu mezani, waya wake ukijikunjua kati ya vikombe vya chai, mpaka ikafika ukingo wa upande wangu.

"Fundi," akasema, "simu yako."