Daftari Nililolitoa kwa Majivuno

Ndugu zangu wazazi, asanteni kwa kuniruhusu kusimama mbele yenu. Kabla hamjaniachia watoto wenu hapa msituni, mbali na macho ya Mreno, nawaambia mwenyewe kwa nini niliwahi kuacha ualimu.

Shule yetu kule Palma mnaikumbuka. Haikuwa ya serikali wala ya misheni. Mliijenga wenyewe, vyumba viwili vya udongo na makuti, watu wa pwani na wa bara, Waislamu na Wakristo. Nia yenu ilikuwa moja: mtoto aweze kuisoma karatasi ya Mreno kabla mzazi hajatia dole gumba. Nami nikajiona nimefika. Mnacheka? Chekeni, mnanijua.

Siku moja shefu wa posto, yule Mreno mtawala wa eneo letu, akaja kukagua. Nilitaka sifa, jamani. Nikamkabidhi daftari lenye mwandiko safi kuliko yote. Binti mmoja alikuwa ameandika habari za familia yake: baba yangu amevuka Ruvuma, amekwenda vitani kumtoa Mreno. Nililisahihisha asubuhi ile ile, macho yangu kwenye Kireno chake tu, si kwenye habari yenyewe, nikampa alama zote!

Shefu alisoma, akatabasamu. "Muito bem, professor," akasema, yaani vizuri sana, mwalimu, akaondoka nalo. Jioni mama wa yule binti alikamatwa. Shule ikafungwa.

Aibu ile ilinila. Nikajificha shambani nikilima muhogo. Binti akawa kwa bibi yake. Nikimwona njiani nachepukia vichakani. Mtu mzima, mwalimu, namkimbia mtoto.

Masika mbili zikapita, mama akaachiwa. Alikuja moja kwa moja shambani kwangu, amekonda, anachechemea, kamshika binti mkono. Nikapiga magoti.

"Inuka, mwalimu," akasema. "Kule ndani wakiniletea makaratasi nitie dole, sijui yasemavyo. Mtoto namrudisha kwako. Na mie nifundishe."

Nililia mbele yao. Kesho yake tukaanza, sisi watatu, kwenye kibanda cha kuanikia muhogo.

Mama yule namshukuru. Nanyi nawashukuru, mliokata miti ya darasa hili bila kunisimanga. Nilichojifunza ni hiki: anachoandika mtoto ni amana, si pambo la mwalimu wake.

Juzi yule mama ameandika barua yake ya kwanza kwa mumewe. Aliikunja mbele yangu, akaipeleka mwenyewe kwa wanaovuka mto. Sikuomba kuiona.