Likizo Ambayo Haijaanza

Kwenye kona ya kwenda hospitali ya Nyakahanga, Eliud huweka birika lake la kahawa mbele ya benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Asubuhi ile walikuwepo wale wale: Telesfori, aitwaye Hakimu kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi mahakamani na hajachoka kusimulia, na Deodatus, fundi pikipiki, aitwaye Spana. Theoneste aliegesha bodaboda yake akakaa bila kusalimia, naye si mtu wa kukaa bila kusalimia. Wote walijua mkewe, Immaculata, yuko wodini na mtoto njiti, aliyezaliwa mimba ikiwa ya miezi saba. Walijua pia kwamba Theoneste ametoka kwa Mama Eustadia, mwenye kiwanda cha mikate anakofanya kazi Immaculata, kuomba mkewe asifukuzwe.

– Kamfukuza? akauliza Hakimu.

– Hapana.

– Sasa mbona uso umekuwa hivyo?

Theoneste alipokea kikombe, hakunywa. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kuomba. Likizo ya uzazi ingekwisha mtoto bado hana nguvu ya kunyonya. Nani angembeba kifuani mchana kutwa, ngozi kwa ngozi, kama wauguzi walivyoagiza? Lakini hakupata hata nafasi ya kufungua mdomo.

– Mama Eustadia kaniambia, "Mwambie Immaculata atulie. Likizo yake bado haijaanza."

– Mtoto kazaliwa, likizo haijaanza? Spana akauliza.

– Ndivyo sheria ilivyo siku hizi. Kamuuliza afisa kazi. Mtoto akiwahi kuzaliwa, mama anapewa kwanza zile wiki ambazo mtoto alizibakiza tumboni, na mshahara wake unaendelea. Zikitimia, ndipo likizo yenyewe inapoanza. Hakufurahi, nilimwona akiuma midomo. Lakini kasema hivyo hivyo.

Eliud alibaki ameinua birika bila kumimina.

– Maana yake, Hakimu akasema polepole, mbele ya sheria Immaculata bado ana mimba.

– Mtoto nimemwona leo asubuhi. Kucha zake ni ndogo kuliko punje za ulezi.

– Umemwona wewe. Sheria inamhesabu bado hajafika. Na wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

– Hapo wahenga wamepigwa bao, Spana akasema. Huyu hayupo, na lake lipo. Mimi nasema kahesabiwa mfanyakazi. Miezi saba kakanda unga pamoja na mama yake. Likizo ni ya kwake, mama anamsindikiza tu.

– Mtaka cha mvunguni sharti ainame, waitu, jamani, Eliud akadakia. Sheria imeinama mpaka tumboni.

– Mimi mama yangu alinipitiliza, Hakimu akasema. Majirani wakaanza kuuliza kama nitatoka. Ile yote ilikuwa kazi ya ziada. Nani alinihesabia?

– Tukienda hivyo, Spana akasema, hata mkungu wa ndizi ulioangushwa na upepo kabla ya kukomaa una haki zake.

Wakacheka, lakini kwa sauti ya chini, kama watu wanaocheka kanisani. Theoneste hakucheka. Mama yake alimzaa kule Rugu, akiwa kibarua kwenye shamba la watu, akarudi kwenye jembe kabla kitovu hakijadondoka. Hakuna aliyeuliza. Na sasa watu asiowajua, huko Dodoma, walikuwa wameketi wakazifikiria kucha zile.

Mwanamke mmoja mgeni alikuwa amesimama akisubiri kahawa. Jina lake Mackrine, ametoka Nyakatuntu kumuuguza dada yake.

– Shikamooni, alisema. Nimesikia mnamzungumzia mtoto. Anaitwa nani?

Hakimu akamtazama Spana. Spana akamtazama Theoneste. Yeye na Immaculata hawakuwa wamelitaja jina lolote. Kila mmoja aliogopa, bila mwenzake kujua, kumpa jina mtu ambaye huenda asikae. Sheria ilikuwa imeshamwandalia mtoto nafasi. Baba yake bado.

Aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akaishika pikipiki.

– Unakwenda wapi? Spana akauliza.

– Wodini. Nikamuulize mama yake tumwite nani.