Niliwapima Wateja Barazani

Bwana apewe sifa, wapendwa! Jamani, nimesimama lakini sijui nianzie wapi, maana jambo lenyewe mpaka leo linanichanganya. Mimi ni Mama Neema, fundi cherehani hapa Kilindoni. Tulitoka Njombe, mimi na mume wangu na vyerehani viwili, shamba la viazi tumeshaliuza. Hatukuwa na pa kurudi.

Ndugu zangu, mwanzo ulikuwa mzuri! Ilipokaribia Idi akina mama wa Kiegeani na Ndagoni walijaa kwangu na vitambaa vyao vya madera. Kushona najua, sijisifu. Niliwapima barazani, penye mwanga, harakaharaka, asisubiri mtu. Natamka vipimo kwa sauti, Baba Neema anaandika kwenye daftari. Kwetu Njombe ndivyo tulivyofanya miaka yote. Wakachukua nguo zao, wakashukuru, wakatabasamu. Hawakurudi. Hata mmoja!

Nikachanganyikiwa. Nawaona kwa macho yangu wanapita na vitambaa kwapani, wananisalimia vizuri kabisa, wanakwenda kwa fundi wa kule sokoni, ambaye mshono wake unakwenda upande. Sasa hiyo ni nini kama si mkono wa mtu? Nikasema nimelogwa! Ninyi ni mashahidi, tulikemea hapa hapa, na yule fundi mwenzangu nikamtaja kwa jina, Mungu anisamehe. Nikafunga siku tatu. Nikapaka cherehani mafuta ya upako mpaka mkanda ukawa unateleza. Hola! Baba Neema akaanza kutafuta mtu wa kununua vyerehani, maana njaa ilishaingia ndani.

Asubuhi moja akapita Bi Mwanakheri, mama mtu mzima wa Kiegeani, mteja wangu wa kwanza kabisa. Kitambaa kipya mkononi, na haji kwangu. Hasira zikanipanda, nikamkimbilia barabarani na tepu shingoni.

"Shikamoo Bi! Nimekukosea nini mimi?"

"Marahaba, mwanangu." Akatazama huku na huku, akanivuta pembeni. "Kushona unajua, wallahi. Lakini makalio yangu uliyataja kama unanadi samaki! Mumeo anaandika, na kijiwe cha bodaboda kipo mbele yako. Mkwe wangu alikuwa pale. Mpaka leo nikimwona napita njia nyingine."

Nikamuuliza, "Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikuaibishe mbele za watu?"

Ndugu zangu! Mimi nimewaaibisha wote, wao wanaogopa kuniaibisha mimi. Nikalia pale pale, hata sijui nalia kwa aibu au kwa shukrani. Nikamwomba radhi mara tatu.

Siku hiyo hiyo nilitundika pazia zito chumba cha nyuma. Sasa napima humo, mlango umefungwa, nanong'ona, naandika mwenyewe. Baba Neema anashona mbele na hajui kiuno cha mtu. Wiki iliyofuata Bi Mwanakheri akaja na binti yake anayeolewa. Akakagua pazia, akalivuta mwenyewe mpaka mwisho, akanyoosha mikono nimpime. Tangu hapo wanakuja, mpaka wa kijiji cha Kanga, kule mbali, wanakuja.

Nilidhani huduma nzuri ni mshono mzuri na haraka. Kumbe mteja anakukabidhi kitambaa pamoja na heshima yake, na hiyo ya pili mimi nilikuwa naitupa barabarani.

Juzi nilikwenda kwa fundi wa sokoni kumwomba msamaha. Akashangaa, wala hakujua kama tuna ugomvi. Akanikaribisha chai.

Nielezeni basi, wapendwa! Niliomba moto umshukie adui, Mungu akaniletea mama wa Kiislamu aniambie ukweli kwa upole. Nimejaribu kuelewa, nimeshindwa. Nashukuru tu hivyo hivyo.

Na wewe unayekemea wachawi wa duka lako, mtumaini Bwana, lakini kamfuate mteja aliyekuacha. Msalimie, muulize ulimkosea nini. Halafu nyamaza umsikilize, hata kama inauma. Mimi iliniuma sana, na vyerehani vyetu haviuzwi tena. Utukufu wote ni wake!