Yafeti Komora, Aliyesoma Mto pale Garsen kwa Miaka Thelathini

Wachungaji, wazee wa kijiji, Mzee Galgalo Wario na wenzako mliotembea kutoka manyatta za wafugaji tangu alfajiri, majirani wa Wema, Idsowe na Chara, na nyote mliokuja kumsindikiza ndugu yetu leo Jumamosi tarehe 19 Juni 1999, poleni na safari na poleni na msiba. Mimi ni Mwanaarusi Komora, dada yake niliyemfuata ziwa, na karatasi hii imenifikia mimi kwa sababu kaka zangu wawili walipoijaribu jana walikwama katika ukurasa wa pili, nami tukifika hapo nitawaeleza sababu.

Marehemu Yafeti Komora Jilo alizaliwa tarehe 12 Aprili 1938 hapa Wema, mtoto wa pili kati ya watoto sita wa Mzee Komora Jilo na mkewe, wote marehemu. Mwaka wa 1947 alianza masomo katika shule ya misheni huko Ngao, akamaliza mwaka wa 1955, na walimu wake walimsifu kwa hesabu, ingawa sisi wa nyumbani tulimjua zaidi kwa usumbufu, maana alikuwa mtoto wa kupima kila kitu, hata mtungi wa maji aliutumbukizia kijiti kwanza ajue umebaki kiasi gani ndipo anywe, na mama alimchapa kwa hilo zaidi ya mara moja.

Mwaka wa 1958 alipata kibarua cha kuwabebea vyombo wapima ardhi, na mwaka wa 1961 yalipokuja yale mafuriko makubwa alikuwa hapa nyumbani, akasaidia kuwavusha watu kwa mtumbwi hadi huku juu kwenye mchanga, ambako kijiji kizima kilihamia. Tarehe 1 Machi 1963 aliajiriwa na serikali kuwa msoma vipimo vya mto pale Garsen, kazi ambayo wengi waliiona ya kuchekesha, mtu mzima kulipwa kwa kutazama maji, lakini yeye kila siku saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri aliteremka ukingoni, akautazama ubao wenye namba uliosimamishwa mtoni, akaandika kimo cha maji katika kitabu, na mwisho wa mwezi akapeleka hesabu ofisini. Tarehe 19 Septemba 1964 alifunga ndoa na Yunisi Karisa, binti ya Mzee Karisa wa Tarasaa, na siku hiyo hiyo saa tisa kasoro robo bwana harusi hakuonekana, watu wakaingiwa na wasiwasi, kumbe ameshuka mtoni na suti yake, na wifi yangu aliyeketi pale mbele anajua kwamba hilo alilisamehe baada ya miaka mingi. Mungu aliwajalia watoto saba, watano wako hai, na wajukuu kumi na mmoja.

Sasa tumefika katika ukurasa wa pili. Marehemu aliuandika mwenyewe akiwa mgonjwa, akaagiza usomwe siku ya mazishi bila kupunguzwa neno, na familia tulibishana siku mbili, kwa sababu historia ya marehemu kwa kawaida husema mema, na kaka zangu waliona haya, lakini mimi nilienda kwa mjane wa Mzee Mangi nikamuuliza kama jina la mumewe litajwe, akanijibu, “Soma, dada, hata mimi nataka lisikike.” Kwa hiyo nasoma.

Tarehe 14 Oktoba 1989, katika baraza hapa Wema, watu waliochoka kupandisha mavuno na kuteremka kuchota maji walimuuliza Yafeti, kama mtu wa vipimo, iwapo mto utafurika tena baada ya mabwawa kujengwa huko juu, naye akafungua kitabu chake mbele ya watu akasema kwamba kwa miaka minane maji hayajapanda kingo, mto umefungwa, anayetaka kujenga bondeni na ajenge. Kwa neno hilo familia thelathini na moja zilishuka, ya kwangu ikiwa ya pili, na ya Mzee Mangi, jirani yangu, ikiwa ya tatu. Ameandika hapa, nami nayasoma maneno yake: “Nilisoma miaka minane tu nikaacha ile kumi na minane iliyotangulia, nikaona mvua chache nikaziita kazi ya mabwawa, nikasahau kwamba laga zote za nyika, zile zinazojaa siku za mvua tu, humwaga maji mtoni huku chini, baada ya mabwawa, na hakuna aliyezifunga. Hakuna aliyenidanganya, nilikosea mimi.”

Aliligundua kosa hilo mwaka wa 1992 alipokuwa akipanga vitabu vyake vyote ili astaafu, na baada ya kustaafu mwezi Aprili 1993 hakupumzika, alipita nyumba kwa nyumba bondeni akiwaomba watu warudi juu, nasi tukamcheka, mimi wa kwanza, nikamwambia, “Wewe ndiye uliyetuleta huku, sasa watutoa, kwani sisi ni mbuzi wako?” Alipoona hatuhami alitafuta njia nyingine, na mwaka wa 1994 akaanza na Mzee Galgalo kamati ya maji na ardhi, wakulima na wafugaji wakikaa mkeka mmoja, jambo ambalo kwa miaka ile ya ugomvi halikuwa dogo. Walizungumza miaka miwili, kipindi fulani wakanuniana miezi mitatu, mpaka Mzee Galgalo alipolifupisha akasema, “Kiangazi wewe nipe mto, mafuriko mimi nakupa kilima, basi, imeisha.” Siku ya Alhamisi tarehe 7 Machi 1996 waliweka dole gumba kwenye makubaliano kwamba malka zetu mbili, yaani njia za mifugo kushukia mtoni, zisilimwe kamwe, kwa upana wa hatua sitini, kwamba wakulima wawe na ghala la mbegu na kisima kirefu huku juu katika ardhi ya malisho, na kwamba kila ukoo uchonge mitumbwi miwili wakati wa kiangazi, mto ukiwa mdogo na watu wakiona ni upuuzi.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali, na ng'ombe wa Mzee Galgalo walikunywa kwa njia ile bila rungu kuinuliwa, isipokuwa kulikuwa na mtu mmoja aliyeona njia iko wazi na ina rutuba akapanda migomba arobaini katikati yake, na Yafeti akaja na panga akaikata yote mwenyewe mchana kweupe. Migomba hiyo ilikuwa yangu. Sikusema naye miezi mitano.

Mwezi Oktoba 1997 mvua ilianza na haikuacha, na Yafeti, ingawa hakuwa tena na kazi, alikuwa akienda Garsen kuutazama ule ubao. Jumapili tarehe 9 Novemba, baada ya ibada, alisimama mlangoni mwa kanisa akasema leo tunahama, na safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu mitumbwi ilikuwepo, ghala lilikuwepo, na vijana wa manyatta walikuwa wameshafika kubeba watoto. Maji yaliingia bondeni Jumanne asubuhi, yakafika kwenye paa la nyumba yangu, na katika familia thelathini na moja alikufa mtu mmoja, Mzee Mangi, aliyekuwa amefika juu salama, akarudi kwa miguu kufungua mbuzi wake. Kwa miezi mitatu tulikula mbegu za ghala na maziwa ya jirani zetu, na kisima cha juu hakikuchafuka. Watu walimsifu sana Yafeti, lakini sifa hizo hakuzipokea, kila Ijumaa alikwenda kwa mjane wa Mangi akamchanjia kuni, na walipomwambia aache alisema nyumba ile ilijengwa kwa mdomo wake.

Tangu Februari 1998 alisumbuliwa na malaria isiyokwisha, kisha figo, akalazwa Ngao mara nne, na Jumatano tarehe 16 Juni 1999, saa kumi na moja alfajiri, akafariki akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Kaka yangu, nilikukasirikia miaka mingi, na nilikupenda yote hiyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ngao waliomhudumia usiku na mchana, wenzake wa zamani wa ofisi ya maji waliokuja na gari, majirani waliopika, wachungaji kwa maombi, na ndugu zetu wa manyatta waliotoa fahali wawili na ardhi hii tunamochimba kaburi.

Limebaki moja ambalo halimo katika karatasi. Mvua imekuwa njema mwaka huu, mto umetulia, na nimeona nguzo mpya kule bondeni, za nyumba nne, na ya nne ilikuwa yangu, kwa sababu nimechoka kutembea, na kwa sababu binadamu husahau upesi. Nguzo zangu zilikuwa zimekatwa na kuchongwa, bado kusimamishwa tu. Jana asubuhi, nilipomaliza kuusoma ukurasa wa pili, nilimwita kijana wangu tukazibeba zote kumi na mbili kuja nazo huku juu, na ndizo hizi zilizoshika turubai mlilokalia kivuli chake. Tukishazika, turubai litarudishwa kanisani, lakini nguzo hazing'oki, nyumba yangu itasimama hapa. Wale watatu mnajijua, na vijana wako tayari kuwasaidia kubeba.

Yafeti, ukurasa wako umesomwa wote. Pumzika sasa, kaka, kwa amani ya Bwana.